Bwana Laban Thuku na Uzito Uliopanda Kivukoni

Ijumaa ya tarehe 30 Septemba 1988, Bwana Laban Thuku ataukabidhi ufunguo wa Landrova ya kijani ya Mradi wa Visima wa Sabaki, baada ya kuushika kwa miaka ishirini na mitatu. Wanaomjua wanasema kustaafu si kitu, gumu ni hilo la kuuachilia ufunguo. Ofisi ilitafuta mtu wa kumwandikia wasifu katika jarida letu, na kwa kuwa wenye shahada wote walikumbuka ghafla kwamba wana safari, kazi ikatuangukia sisi wa stoo.

Thuku ni mtu wa Murang'a, kwenye vilima, mahali ambapo, kwa maneno yake, maji hukaa pale yalipowekwa. Aliteremka Pwani akiwa utingo wa lori la viazi. Lori likafia Mariakani. Mwenye lori akasema anakwenda kutafuta kipuri, na hadi leo hajarudi. Thuku alimngoja mpaka viazi vikachipua, kisha akadandia gari la kwanza lililopita, likamshusha kwenye lango letu hapa Malindi. Alichukua miaka kukubali kuonja samaki. Kiswahili chake nacho kilikuja na lori lile lile, na hakijawahi kufanyiwa matengenezo.

Gari ni jambo lingine. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuosha kabureta ya Landrova ile, na kama ulimsifu mkewe Monicah kwa ugali mzuri, Thuku alingoja umalize ndipo akuulize umeonaje injini inavyonguruma. Si mtu wa kujishusha. Akifanya jambo zuri anakuita ulione, na ukikawia anakufuata ulipo.

Wafanyakazi wapya wanamjua kwa kuita majina. Tueleze kwa ajili ya wasomaji wa bara: kwenye feri ya Kilifi hakuna abiria anayevuka akiwa ndani ya gari. Wote hushuka, dereva huliingiza gari peke yake, na watu huvuka wamesimama pembeni, kila mmoja na mfuko wake. Ng'ambo ya pili hukwea kilima kwa miguu na kupanda tena huko juu. Zamani Thuku alikuwa anaondoka tu akishaona watu wanatosha. Siku moja alimwacha mpima ardhi wetu Mnarani akinunua korosho, na bwana yule alifika Malindi jioni juu ya lori la papa wakavu, akakaa siku nyingi bila kualikwa popote. Tangu hapo Thuku alipofika juu ya kilima alipiga honi, akasimama kando ya mlango, na kumwita kila mtu kwa jina. Hakutia gia mpaka aliyeitwa ameitika. "Mtu akiitwa aitike," alizoea kusema. "Hajaitika, mimi sijui yeye."

Kumbukeni desturi hiyo, maana ndiyo iliyokaribia kumfukuzisha kazi.

Mwaka 1984 mvua ilikataa kabisa, na petroli nayo ikaiga. Visima vilikauka huku na huko, kila kijiji kinataka fundi wa pampu leo hii, na mafuta yanapatikana kwa kubembeleza. Makao makuu yakatoa amri: gari litakalokunywa kupita kiasi, dereva wake atahesabiwa kwamba anayanyonya mafuta kwa mpira na kuyauza, na ataondoka bila cheti wala kiinua mgongo. Akaletwa karani mpya wa usafiri, Bi. Idah Mwikali kutoka Machakos, mwanamke mwembamba ambaye akikutazama unaanza kujipapasa mifuko ukitafuta ulichoiba. Asubuhi ya kwanza aliizunguka Landrova, akagonga tangi kwa kidole, akauliza, "Mzee, hii gari inakunywa peke yake ama iko na marafiki?"

Thuku hakulala. Monicah alitwambia alikaa kitandani akirudia, "Mwizi? Mimi? Mwizi?" kama mtu anayejaribu kofia isiyo yake. Kurudi Murang'a mikono mitupu angeweza, kwa maana alikuja hivyo hivyo. Kurudi na jina la mwizi, hapana.

Basi akaanza kulifunga mkanda gari. Keria ya juu aliiteremsha, kwa kuwa hata ikiwa tupu inazuia upepo. Kichujio cha hewa alikipiga ukutani mpaka vumbi la Marafa, la Ganze na la Magarini likatoka kwa zamu. Plagi alizikwangua na kuzisoma rangi: nyeusi kama sufuria, mafuta yanapita bila kuungua, kahawia kama chai ya maziwa, hapo sawa. Mwanya wa pointi, zile za kugawa moto wa plagi, aliupima kwa wembe wa kunyolea ndevu, na kwa majuma kadhaa tulimwona na ndevu. Kila akirudi safari alipita gurudumu kwa gurudumu akiweka kiganja, maana gurudumu lenye moto lina breki inayobana, na breki inayobana hula mafuta hata ukiwa umelala. Matairi aliyajaza upepo mpaka Bi. Priscilla, mwalimu wetu wa usafi wa maji, akalalamika kwamba anasikia kila changarawe kwenye jino. Alivua viatu pia, akaendesha miguu mitupu. Mguu ulio ndani ya kiatu, alisema, ni kiziwi, haujui umekanyaga mafuta kiasi gani.

Kipimo alikitengeneza mwenyewe. Kwanza ulikuwa ufito wa mkoko uliokatwa pengo pengo, akiuchovya kwenye tangi wakati wa kutoka na wa kurudi. Baadaye akaona tangi lina mambo mengi, akachukua chupa ya skwoshi, akaifunga kando ya boneti, na kuipeleka moja kwa moja kwenye kabureta kwa mpira wa dripu aliopewa na shemeji yake muuguzi. Unajaza chupa, unaondoka, gari linapozimika unaweka jiwe kando ya barabara. Ukirekebisha kitu kwenye injini, unajaribu tena, unaona jiwe limesogea au limebaki. Barabara ya Malindi hadi Kilifi ilijaa mawe ya Thuku. Watoto wa Matsangoni waliyahamisha, yeye akayarudisha.

Na mawe yalisogea. Kwenda kusini gari lilikuwa likinywa kwa adabu ambayo hatujaiona tangu lilipokuwa jipya, na Thuku alimwita kila mtu kuangalia. Kurudi kutoka Mombasa hadi Mnarani, vilevile. Lakini likishavuka feri, likipanda kile kilima cha Kilifi na kushika njia ya Malindi, tabia ilibadilika. Chupa iliyojazwa Tezo na kwenda kusini ilifika hadi kwenye foleni ya feri. Chupa ile ile, ikijazwa Kilifi kwa safari ya kurudi, ilikauka kwenye mikorosho kabla hata ya kuiona Tezo. Ilikuwa hivyo kila safari, kwenye mikorosho ile ile. Ukijaza tena, ilipungua tena kwa kiasi kile kile, mpaka lango la ofisi.

Thuku alisema ni upepo. Akajaribu asubuhi, majani ya minazi yamesimama kama yamechorwa. Mikorosho. Akasema ni mwinuko, akaliacha gari fri, bila gia, barabarani, likasimama palepale kama mbuzi aliyefungwa. Njia ni tambarare. Akasema ni sisi abiria, tumenenepa. Akatushusha wote Kilifi, tupande basi, akaenda peke yake. Mikorosho.

Hapo ndipo alipofanya lile ambalo, kwa maoni ya stoo, lingefaa kufundishwa na lisirudiwe. Alipakia gunia la mchanga, akaenda kusini, upande ambao gari lilikuwa na adabu, akaangalia chupa inaishia wapi. Akaongeza mchanga, akajaribu tena. Aliendelea hivyo mpaka chupa ikapungukiwa kwa umbali ule ule wa mikorosho. Kisha akaushusha mchanga wote, akaupeleka kwenye mizani ya wanunuzi wa korosho pale Kilifi, mchana, jua limesimama utosini, watu wanakunywa madafu. Mizani ikatulia. Ilikuwa uzito wa mtu mzima aliyeshiba, na kitu kidogo juu yake.

Mwambire, fundi wetu wa pampu, aliisoma mizani, akalitazama gunia, akarudi nyuma hatua moja. "Thuku," akasema, "mwaga huo mchanga. Umepima mtu."

Mwenye mizani hakutaka hata ada.

Makao makuu hayakusikia habari za mchanga. Yaliona mafuta yanayopotea upande mmoja tu wa feri, na kwa mtu aliyekaa ofisini hiyo ilikuwa na maana moja: kuna mteja Kilifi. Wakampa Thuku safari moja ya mwisho. Bi. Idah aliamua kuifuata mwenyewe. Alilifunga tangi kwa kufuli aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akautia ufunguo kifuani, na tangu juu ya kilima cha Kilifi akaishika chupa ya akiba mapajani kama mtu anayepakata kuku. Gari likazimika kwenye mikorosho. Bi. Idah akajaza chupa ya boneti kutoka ile ya akiba, tukaendelea.

Kwenye kizuizi cha polisi Matsangoni askari alitushusha, kama kawaida, akachungulia nyuma. "Huyo mwenzenu mbona hashuki?" akauliza. Tukamwambia wote tumeshuka. Akachungulia tena, akafuta macho, akasema jua la leo ni kali, tupite.

Tulipopanda tena, Bi. Idah hakukaa mbele. Alisimama kwenye mlango wa nyuma akatutazama tulivyoketi. Upande mmoja wa benchi tulikuwa wanne, tumebanana, mguu wa huyu juu ya mguu wa yule. Upande wa pili alikuwa Mwambire peke yake, ameegemea huko mbele, na pale karibu na mlango pako wazi.

"Mbona mmejibana?" akauliza. "Hapa si pana nafasi?"

"Hapo ni pa Tsuma," Bi. Priscilla akajibu. Kisha akaufunika mdomo wake.

Hakuna aliyemwagiza mtu yeyote kupaacha mahali pale. Tulikuwa tumepaacha kwa miaka miwili, safari baada ya safari, bila kuambizana.

Ikabidi Bi. Idah aelezwe. Tsuma alikuwa mchimbaji wetu wa visima, mtu mkubwa mwenye kicheko kidogo, ambaye siku zote aliketi pale mlangoni na sepetu yake katikati ya magoti. Mwaka 1982 tulikuwa tunachimba Kuruwitu, kusini ya feri, udongo ukamporomokea. Tukamtia sandukuni, tukampakia kwenye Landrova hiyo hiyo, tukampeleka kwao Marafa, kaskazini, ng'ambo ya Mto Sabaki, kwa mkewe Kache. Tukamzika vizuri. Kaburi analo, tumeliona.

"Kwenye feri mlishuka?" akauliza.

Tulishuka. Ni sheria.

"Na mlipofika juu, mzee aliita majina?"

"Aliita," akasema Mwambire.

"Yote?"

Thuku alikuwa bado ameshika usukani, hakugeuka, lakini masikio yake tuliyaona yakibadilika rangi. Alikuwa ametuita mmoja mmoja siku ile, kwa sauti ya chini, ya msiba. Tukaitika, tukapanda, tukakaa kulizunguka sanduku. Nani humwita mtu aliye sandukuni?

"Basi mlizika mwili, mwenyewe mlimwacha kivukoni bila kumwita, hajui kama amefika," akasema Bi. Idah. "Mnamchukua kila safari mnamwacha Malindi. Kwao ni Malindi?"

Thuku alijibu bila kugeuka. "Kwao ni Marafa."

Aligeuza gari palepale, kwenye nyasi, tukarudi Kilifi. Hatukupinga. Tukashuka, akaliingiza gari kwenye feri, tukavuka kwenda Mnarani, na bila kutoka hata kwenye mstari tukavuka tena kurudi. Wachukuzi wa kivukoni walitucheka wakidhani tumepotea. Juu ya kilima Thuku alitoka, miguu mitupu, akapiga honi, akasimama kando ya mlango. Akatuita mmoja mmoja, tukaitika. Kisha akavuta pumzi, akaita kwa sauti ile aliyomwita nayo kwa miaka mingi, ya kumgombeza mtu anayechelewa:

"Tsuma! Wewe Tsuma! Panda twende nyumbani, hii gari haikai hapa!"

Wale wachukuzi hawakucheka tena. Hakuna aliyesikia jibu, na asikudanganye mtu. Ila springi ya nyuma ililia, ile iliyokuwa ikilia kila Tsuma alipopanda, na Thuku, ambaye hakuwa ametia gia mpaka mtu ameitika kwa miaka yote ile, akaingia ndani na kutia gia.

Malindi hatukusimama. Tulivuka daraja la Sabaki, tukashika njia ya vumbi, na watu wa njiani walitupungia mkono kwa adabu ambayo kwa kawaida hatupewi. Kache alikuwa uani kwake akipepeta mahindi. Thuku alimwamkia, akaanza, "Shemeji, sisi tumekuja kuleta..."

"Mmekawia," akasema Kache. "Nimesikia honi zamani."

Honi ilipigwa Kilifi. Wanaoijua njia hiyo wanaweza kupiga hesabu wenyewe.

Akauweka ungo chini, akachota maji kwa kata, akayamwaga nyuma ya gari, akaufungua mlango na kusogea kando, kama unavyompisha mtu mzima anayeshuka. Springi ikalia mara ya pili. Alisema maneno kwa Kigiriama, machache, ambayo Mwambire mpaka leo anakataa kututafsiria. Halafu akatugeukia. "Haya, nendeni. Na mfunge mlango polepole, amechoka."

Safari iliyofuata chupa ilipita mikorosho, ikapita Tezo, na jiwe jipya la Thuku likawekwa mahali ambapo hakuna jiwe lake lililowahi kufika. Makao makuu yakafurahi, yakasema kumbe mwizi alikuwa ameogopa akaacha. Bi. Idah akaenda huko kwa basi. Inasemekana aliweka kufuli juu ya meza ya mkubwa, akamwambia, "Tangi nililifunga mimi na chupa niliishika mimi, na mafuta yalipotea. Kama yuko mwizi, nifukuzeni mimi." Wakamuuliza basi gari lilibeba nini. Akasema lilibeba abiria aliyesahauliwa, na ameshafikishwa. Hawakuuliza zaidi. Jina la Thuku likabaki safi, na ndevu zake akazinyoa.

Miaka minne iliyofuata Landrova imekwenda Ngomeni, Ganze na Bamba kwa mafuta ambayo magari mapya hayawezi kuwashia. Visima vilivyofunguliwa mwaka ule wa ukame, watu wanavinywea hadi leo. Hayo ni ya Thuku, na yeye ndiye wa kwanza kuwaambia.

Lipo jambo moja la kumalizia, na tunaliandika kwa heshima. Tangu Agosti Bwana Thuku yuko likizo ya kumalizia kazi. Anakaa kwake na Monicah, amekunja mikono, na Landrova inaendeshwa, kwa ufunguo wa akiba, na Joram, aliyemfunza yeye mwenyewe, mpaka kuvua viatu. Joram amerithi pia chupa. Majuma mawili yaliyopita alikuja stoo akiwa hana raha. Chupa inapungua tena. Si kutoka kivukoni safari hii. Inapungua tangu langoni, kwenda na kurudi, kila njia. Na kiti cha dereva, anasema, kimekuwa finyu.

Tukachukua mchanga. Tukapima kama tulivyofundishwa. Halafu Jumamosi tukamwalika mzee kwenye chai ya kumuaga, na kwa mzaha tukampandisha kwenye mizani ya stoo. Alijisifu sana kwamba hajanenepa tangu aje Pwani. Ilikuwa sawasawa na gunia, akishavua viatu.

Bi. Idah ameisoma mizani hiyo, na ameshaitoa ile kufuli yake kwenye mtoto wa meza.

Kwa hiyo, Mzee Thuku, tunakuomba. Ijumaa Joram atakupeleka hadi stesheni ya Mombasa. Pale Kilifi utashuka kama sisi, utavuka kwa miguu ukiwa na mfuko wako, na Monicah kando yako. Ng'ambo ya Mnarani Joram atapiga honi, atasimama kando ya mlango, na atakuita kwa majina yako yote mawili. Itika kwa sauti, panda mzima mzima, usibakize kitu usukanini. Joram bado ana miaka mingi ya kazi, na hatutaki naye aitwe mwizi kwa mafuta yako.

Asante kwa maji tuliyokunywa na kwa njia ulizotupitisha. Ishi vyema huko vilimani, ushibe, ulale bila kusikiliza injini ya mtu. Na barua ukituandikia, usiandike habari za barabara ya Tezo, kwamba jiwe lako limehamishwa. Ukiandika, tutajua umelionaje, na ukiwa kwenye kiti gani.